Kiwiko cha Mama Nyokabi na Mukimo wa Wakwe

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja mjini Nyeri, mgonjwa aliniuliza dawa ziko wapi. Kwa madaha nikamwonyesha mikono yangu. Mkuu wa idara, mama asiyecheka ovyo, akanivuta kando. "Usimwonyeshe yako," alisema. "Mwonyeshe yake. Ni yeye atafanya kazi."

Hiyo ndiyo fiziotherapia, vijana: kutibu misuli na viungo bila kisu. Baadaye nilihamishiwa Timau, kisha Kerugoya, na kote nilikutana na kiwiko cha tenisi. Msicheke. Wagonjwa wangu hawakuwahi kushika raketi. Walikata maua, walikamua ng'ombe, walipogoa kahawa, mpaka kano, yaani kamba zinazofunga misuli kwenye mfupa, zikachoka upande wa nje wa kiwiko.

Kiwiko cha Mama Nyokabi wa Kerugoya kilichoshwa na mukimo. Kila sherehe kijijini, yeye ndiye aliyeponda viazi na mahindi kwenye sufuria kubwa. Alinijia hawezi kuinua kikombe cha chai, na ruracio ya bintiye, siku ya wakwe kuleta mahari, ilikuwa miezi mitatu mbele.

"Daktari, nidunge tu sindano. Wakwe wakikula mukimo ya jirani, mimi nitaweka uso wapi?"

Nilimweleza kwamba sindano hutuliza kwa muda tu. Nikamlaza mkono mezani, kiganja kikitazama chini, kifundo cha mkono kikivuka ukingo wa meza. Nikampa chupa ndogo ya maji aishushe polepole, kisha aipandishe kwa msaada wa mkono wa pili. Maumivu kidogo si neno. Yakizidi, punguza maji.

"Ati hii ndio dawa? Hii ni mchezo ya watoto."

Akafanya hata hivyo. Alipopata nafuu, akaenda kuponda mukimo wa kanisa, sufuria nzima. Alirudi ameukumbatia mkono, nami nilikasirika kweli.

"Mama, anayeolewa ni binti yako ama ni kanisa?"

Tukaanza upya, na chupa nusu.

Siku ya ruracio nilialikwa. Aliponda kwa zamu na dada yake, nami roho mkononi. Wakwe walikula, wakaomba kuongezwa. Mmoja alipouliza kuhusu mabonge kwenye mukimo, Mama Nyokabi alijibu bila haya, "Hayo ni ya dada yangu."

Sasa nimestaafu, na furaha yangu ni salamu za sokoni. Mama Nyokabi akiniona huweka kikapu chini, hunipa mkono wa kulia, na hunibana vidole mpaka nimwombe aniachilie.