Tumbako niliyomsokotea wifi yangu msituni

Jina langu lifichwe tafadhali, hapa mjini Kindu watu wanajuana. Mimi ni mama wa miaka hamsini na moja, mkunga katika kituo kimoja cha afya. Kila Alhamisi nafundisha wajawazito, na wanaovuta tumbako nakaa nao pembeni mpaka wanieleze ukweli. Watu wananisifu. Mimi naiona kazi hiyo kama adhabu.

Wakati wa vita tulikimbilia msituni upande wa Lokandu, mimi na mke wa kaka yangu, akiwa na mimba yake ya kwanza. Chakula hakuna. Nikamfundisha kuvuta tumbako ili asisikie njaa. Nilimsokotea mwenyewe, asubuhi hadi jioni. Mtoto alizaliwa mdogo mno, akaishi siku tisa.

Tuliporudi mjini, wazee wetu wakasema mtoto wa namna ile hufa kwa sababu mama yake ametoka nje ya ndoa. Wakataja wanajeshi. Kaka akamfukuza. Nilijua ni uongo, tulilala mkeka mmoja miezi yote ile, lakini niliwaogopa wazee nikanyamaza. Baadaye nikasomea ukunga. Siku tuliyofundishwa juu ya tumbako na mimba ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimemsokotea wifi. Hadi leo, nikimpima uzito mtoto mchanga yeyote, namwona yule.

Alhamisi iliyopita wifi alikuja na binti aliyemzaa kwa mume mwingine. Binti ana mimba ya miezi mitano, na anavuta. Nilipoanza kumweleza hatari yake, wifi akanikatiza, akitaka kujua kama ni tumbako iliyomuua mtoto wake wa msituni: “Dada, ule mutoto wangu wa mu pori, njo tumbako ilimuua?”

Nikajibu, “Hapana. Ilikuwa njaa na malaria.”

Kweli njaa ilikuwepo, siwezi kuapa ni kipi kilimuua. Lakini nilijibu haraka mno, kwa woga. Binti akacheka: “Unaona, mama? Ulivuta na haikufanya kitu. Sasa mimi naacha kwa sababu gani?” Wifi akanishika mkono: “Aksanti, dada. Weye njo muntu moja tu hakunitupa.” Yeye hakuwepo kwenye kikao cha wazee; hadi leo anadhani nilimtetea.

Alhamisi hii wanarudi. Nikisema kweli, wifi atajua kwamba tumbako niliyomsokotea huenda ndiyo iliyomuua mtoto wake, na kwamba nilijua hana kosa lakini nikakaa kimya yeye akifukuzwa. Nikinyamaza, binti yake ataendelea kuvuta kwa sababu ya neno langu. Ndugu zangu mnaosoma, nishaurini, mdomo huu niufungue vipi?