Gari la Viti Viwili la Madaba

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kazi niliyoangukia ni ya subira: kukagua magari mapya kabla mwenyewe hajakabidhiwa ufunguo. Niliifanya hapa Songea, kwenye yadi ya wakala mmoja anayeuza pikapu na matrekta na, mara moja moja, gari la mtu aliyeamua kujipendeza. Watu hudhani gari jipya halina cha kukaguliwa. Limetoka kiwandani, linanukia upya, viti bado vimevaa nailoni, unatafuta nini tena? Natafuta mengi. Gari lililovuka bahari na kupandishwa lori hadi kwetu hufika na upepo wa matairi uliozidi, nati zinazosubiri kukazwa, betri iliyochoka, na kuna mara moja tulikuta panya.

Tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa fundi mkuu, mzee wa Maposeni, aliyeanza kazi ile kabla mimi sijazaliwa. Mikono yake ilijua kila kitu, lakini Kiingereza chake kiliishia kwenye majina ya spea, na fomu za ukaguzi huja kwa Kiingereza, kurasa juu ya kurasa. Kwa hiyo tulikuwa na utaratibu wetu. Mimi nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikasoma mstari na kuugeuza Kiswahili. Yeye, akiwa chini ya gari au amezama kwenye boneti, alikishika kile kitu kwa mkono wake, kisha akajibu, "Ipo." Nati za gurudumu la mbele kushoto? Ipo. Mafuta ya breki? Ipo. Mkanda wa dereva? Ipo. Tuliendelea hivyo asubuhi nzima kama watu wanaosali litania. Hakupata kusema "ipo" bila kugusa, na mimi sikuweka alama ya vema kabla hajasema.

Tukimaliza orodha ya kiwanda, alianza ya kwake, ambayo haikuandikwa popote. Pikapu aliiongezea jani la springi. Ekzosi aliipandisha ili isikwangue mawe. Mbele ya rejeta alifunga wavu wa kuzuia mbegu za majani. Nilipomuuliza kwa nini ajisumbue, alisema waliotengeneza magari hawajui vumbi la Tunduru wala tope la Madaba, na wala hawana haja ya kujua, maana yeye yupo. Alisema bila uchungu wowote, akaendelea kukaza.

Mwishoni mwa mwezi ule alikuwa anastaafu. Tangu aanze kazi, hakuna gari lenye sahihi yake lililowahi kurudi kwa kosa la ukaguzi. Yeye hakujisifu kwa hilo. Niliyejisifu ni mimi, kwa kila mteja aliyenivumilia, mpaka mzee akawa anaondoka nikianza. Nilitaka amalize vivyo hivyo, jina lake likiwa safi, na nilijua kwamba naye alitaka hivyo kuliko zawadi yoyote ya kuagwa ambayo tungempa.

Gari lake la mwisho lilikuwa la ajabu kuliko yote: gari la spoti, la viti viwili, jekundu kama kahawa iliyoiva. Lilikuwa limeagizwa na mama mmoja wa Madaba, mfanyabiashara wa mahindi, mwenye umri unaokaribiana na wa mzee. Kila pikapu aliyowahi kuinunua kwetu ilikaguliwa na mzee. Alipokuja kuagiza hilo jipya, tulidhani amekosea ukurasa. Nikamweleza kwa upole, maana siku ile nilikuwa na upole, kwamba gari hili ni la chini sana, halibebi mzigo, na nyuma hakuna pa kukalisha hata mjukuu.

Alinitazama, akasema, "Mwanangu, nimebeba watu na magunia maisha yangu yote. Hili ni la kunibeba mimi."

Nilimpenda hapo hapo. Mzee alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitambaa cha grisi, akabaki na alama nyeusi chini ya jicho hadi jioni.

Gari lilipofika tulilikagua siku nzima, Alhamisi. Nilisoma, akajibu. Ukurasa wa tatu kulikuwa na mstari ambao sikuwahi kukutana nao kwenye pikapu: ondoa vipande vya kusafirishia vilivyobanwa kati ya springi. Niliufupisha nikasoma "vipande vya kati ya springi" tu, nikiwa na njaa, jicho langu likiwa kwenye saa. Kutoka chini ya gari kulikuwa na kimya kidogo, kisha sauti ikasema, "Ipo." Nikaweka vema. Jioni akatia sahihi yake, ile ya herufi kubwa zilizonyooka, kama ya mtu anayeandika jina lake ubaoni.

Sheria ya yadi yetu ni kwamba aliyegusa gari haliendeshi majaribio, anaendesha mwenzake. Ijumaa asubuhi nikalichukua kuelekea Msamala. Watoto wakapunga, wauza mihogo wakasimama, nami nikakaa wima kama bibi harusi. Tuta la kwanza lilinishusha hadhi. Gari liliruka lote kwa pamoja kama mbuzi, meno yangu yakagongana. Kwenye kona, bila hata mwendo wa maana, nyuma ikateleza kutaka kutangulia mbele. Nilisimama pembeni, nikawaza zile kona za Lukumburu ambazo mama wa Madaba angezipita kila anapokwenda Njombe. Nikapiga magoti kwenye vumbi na sketi yangu ya kazini, nikachungulia nyuma ya gurudumu. Kati ya mizunguko ya springi kulikuwa na kipande cha plastiki ngumu, chekundu, kimebanwa sawasawa. Magurudumu mengine nayo yalikuwa na vya kwao. Gari lilikuwa limesimama juu ya vigingi, springi hazina pa kucheza.

Nilirudi yadi polepole, lakini hasira zangu zilitangulia kufika. Mzee alikuwa anafagia mahali pake, kama alivyofanya kila asubuhi. Nilimwambia kwamba nilisoma, na yeye akajibu, na kwamba mama yule angeweza kufa. Nilisema na mengine ambayo mtoto wa watu hasemi mbele ya mtu anayemwamkia shikamoo. Aliegemeza ufagio ukutani, akaangalia viatu vyake.

"Niliviona," alisema. "Nikaona vimeinua gari. Nikajua njia ya kwa mama ilivyo. Nikadhani safari hii wametufikiria."

Mtu aliyekaa miaka yote akiongeza majani ya springi na kupandisha ekzosi, akiyarekebisha kwa mikono yake magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya barabara za wengine, siku moja tu alikuta kitu kimeinuliwa tayari, akaamini kwamba huko mbali kuna mtu aliyewaza Madaba. Na mimi niliyejua kusoma sikuwa nimemweleza vile vipande ni vya nini. Nilikuwa naangalia saa. Niliona aibu, na nikamwambia hivyo, na nikamwomba radhi. Akasema yamekwisha, tulete jeki.

Alivitoa mwenyewe, kimoja kimoja, akavipanga juu ya benchi. Gari likashuka, likashuka tena, mpaka likakaa chini kama kuku juu ya mayai. Nililipeleka tena Msamala, na safari hii kona ilikuwa kona na tuta lilikuwa tuta, ingawa tumbo liligusa kidogo. Niliporudi nilikuwa na mpango. Mama alikuwa anakuja kesho yake na ndugu zake kuchukua gari, na padri alishaombwa kulibariki. Fomu ilikuwa na sahihi, vipande vimetoka, gari ni salama. Hakuna aliyejua ila sisi wawili. Nilimwambia tuache ilivyo.

Mzee alitikisa kichwa. Alisema fomu ile inasema vipande vilitoka Alhamisi, na Alhamisi havikutoka. Nikamkumbusha kwamba ni gari lake la mwisho, na karibu nilie, jambo ambalo silipendi kazini. Akasema kwamba ndiyo sababu. Akachukua kalamu, akakata mstari wa ukurasa wa tatu, akakata na sahihi yake chini, kisha akaniambia niandike kwa Kiingereza kizuri kwamba fundi alikosea. Niliandika. Mwandiko wangu haujawahi kuwa mbaya vile.

Jumamosi mama alikuja amevaa kitenge kipya, na nyuma yake msafara wa ndugu ambao wasingeenea hata kwenye basi dogo. Mzee hakungoja padri afike. Alimwendea mama mbele ya wote, akamweleza alichofanya na kwa nini. Alisema gari sasa liko sawa, lakini liko chini, na kipande cha kutoka lami hadi nyumbani kwake kitalikwangua tumbo. Kama halitaki tena, yeye atamwelewa. Ndugu wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema waliambiwa mapema kwamba gari la hivi si la kwetu.

Mama alikuwa amekwisha kuinama anachungulia chini ya gari, mkono mmoja umeshika kitenge. Alipoinuka alimwambia mzee kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi fundi, kama gari haliinuki, tutainua barabara. Nitunzieni wiki moja."

Nilidhani ni maneno ya kusitiri aibu. Sikuwa nimeijua Madaba. Jumatatu mzee hakuonekana kazini, na mlinzi wa geti akaniambia amepita alfajiri na basi la Njombe, lile linalopita Madaba, akiwa na ubao mrefu. Juu ya benchi vile vipande vinne vyekundu havikuwepo. Nikaona pia kwamba mtu alikuwa amepima tumbo la gari letu kwa kamba na kuweka alama za chaki sakafuni.

Nilimfuata Madaba Alhamisi, siku yangu ya mapumziko, na ndizi za kumpelekea kama anayekwenda kumwona mgonjwa. Niliposhuka kwenye lami niliwaona: mama, ndugu zake walewale walionong'ona, na majirani, wote na majembe, wanasawazisha njia kuanzia barabarani. Mifereji ilikuwa imechimbwa pembeni, mashimo yamefukiwa kwa changarawe na kushindiliwa kwa magogo. Kwenye kivuli kulikuwa na sufuria ya kande na ndoo ya togwa, kama ilivyo watu wanapoalikana kulima. Katikati ya njia alikuwa mzee wangu, anavuta ubao kwa kamba.

Alikuwa amevigongomea vile vipande vinne chini ya ubao, akaviongezea vijiti, mpaka ubao ukasimama kutoka ardhini sawasawa na tumbo la gari. Upana wake pia ulikuwa wa gari. Aliuvuta polepole, kichwa ameinamisha, anasikiliza. Ubao ulipokwaruza, aliinua mkono tu, na mtu akaja na jembe. Kisha alirudi nyuma hatua chache, akavuta tena. Nilisimama pale na ndizi zangu nikamtazama. Nilimpenda yule mzee siku ile kuliko nilivyowahi kujua kwamba nampenda.

Jumamosi iliyofuata niliendesha mimi, mama kando yangu na ufunguo wa akiba mkononi, maana alisema kwenye njia yake mwenyewe atalishika yeye. Padri alikuwa ameshatunyunyizia maji ya baraka Songea, gari na sisi. Kwenye kona za njiani gari lilishika barabara vizuri, na mama alitabasamu tu dirishani. Tulipoacha lami tukabadilishana viti. Mzee alikuwa anatungoja mwanzo wa njia, amevaa shati la kanisani.

Mama alipita kwa mwendo wa mtu anayebeba yai. Mzee alitembea kando ya gari, amejikunja, sikio limeelekea chini. Tulisikia changarawe chini ya matairi, basi. Gari lilipoingia uani, wanawake wakapiga vigelegele, na mama akabaki amekaa ndani, mikono juu ya usukani, hataki kushuka.

Mzee aliniomba fomu. Nilikuwa nayo, ikiwa na ule mstari uliokatwa na nafasi tupu ya kutia sahihi upya. Aliishika muda, kisha akanirudishia, akasema kuna mstari kiwanda kimesahau, niuchore. Nikachora chini kabisa kwa kalamu, nikitumia ukingo wa kitabu changu cha sala, nikaandika neno moja kwa Kiswahili. Halafu nikausoma kwa sauti, kama tulivyozoea, mimi nikiwa nimekaa juu ya ndoo ya togwa iliyokwisha.

"Barabara."

Alichuchumaa, akaweka kiganja chake juu ya ile njia, akakiacha hapo.

"Ipo," alisema, akanyoosha mkono kuomba kalamu.