Mafuta Yaliyonyamaza

Mama wa maabara alidhani amekosea kibandiko cha chupa. Damu ya mumewe, iliyotolewa mara tu alipofikishwa wodini akiwa ameshika kifua, ilikuwa imejaa protini zinazobeba mafuta mabaya. Hii ya leo, siku chache baada ya mshtuko wa moyo, ilikuwa nazo chache kama damu ya kijana. Alikwenda akamtoa damu upya kwa mkono wake mwenyewe, akapima tena. Jibu halikubadilika. Nywele zikamsisimka, kana kwamba mtu mwingine amelala ndani ya mwili aliouzoea.

Kisha akakumbuka alichofundishwa chuoni, na ubaridi ukamzidi.

Aliporudi wodini, mumewe alikuwa ameketi, vidonge vyake vya kupunguza mafuta amevisukumia kando.

"Mama watoto, nesi kaninong'oneza. Mafuta yamekwisha! Hivi vidonge mpe paka."

"Hayajaisha, baba watoto. Moyo ukijeruhiwa, mwili wote hutaharuki, na mafuta hayo hupungua kwenye damu kwa muda wa wiki kadhaa. Halafu hurudi polepole, bila kupiga hodi."

"Kwa hiyo yamejificha kama mwizi?" Mumewe alicheka.

"Yametulia tu. Na kimya kingi kina mshindo mkuu."

Kicheko kikakatika. Mumewe aliweka kiganja kifuani, akatega sikio kama mtu aliyesikia nyayo nje ya mlango wake. Kwa mkono wa pili, bila kuambiwa, akaanza kupapasa akitafuta vidonge.