Refa Aliyedai Shikamoo

Siku za kazi Selestine huchomelea mageti pale Kambarage, na Jumamosi huwa refa wa mieleka ya vijana. Mimi ndiye mshika saa wake, kazi ninayoijua kidogo tu, na siku ile hata hicho kidogo kilinitoka.

Vumilia, binti wa miaka kumi na tano kutoka Kolandoto, alikuwa anaongoza. Akishinda anaingia timu ya mkoa inayokwenda Mwanza, na mama yake alikwisha kuwatangazia majirani wote. Mara wakaanguka yeye na Zakia, mpinzani wake, Vumilia akiwa chini na mkono wa kulia umekunjika mgongoni. Selestine akapuliza filimbi. Kwetu aliyeumia hupewa dakika mbili. Zikiisha hawezi, ushindi ni wa mwenzake. Nikabonyeza saa.

"Umeumia?" refa akauliza.

"Hapana, baba."

"Utaweza kuendelea?"

"Ndiyo, baba."

Basi si aendelee? Mtoto kasema mwenyewe! Lakini Selestine akaganda, anamtazama tu. Noela, muuguzi wetu, naye akamuuliza yaleyale, akajibiwa yaleyale, tena kwa adabu zaidi. Nilichanganyikiwa: saa niizime au niiache? Watu wakaanza kuzomea.

Selestine akamkunjia uso binti wa watu. "Hivi wewe, mbona tangu asubuhi hujanisalimia?"

Nilidhani jua limemwingia kichwani. Mimi nina hasira za karibu, na zilipanda kwelikweli. Pambano limesimama, dakika zinakatika, refa anadai shikamoo! Tena alikuwa anamsingizia, maana binti alimwamkia getini mbele ya macho yangu.

Vumilia hakubisha. Akapiga magoti kama alivyolelewa. "Shikamoo, baba." Akanyoosha mkono. Wa kushoto.

"We Vumilia!" mama yake akafoka kutoka pembeni mwa ulingo. "Mtu mzima unampa mkono wa kushoto? Nani amekufundisha..."

Hakumaliza. Wa kulia ulikuwa unaning'inia tu, na sasa kila mtu aliuona.

"Marahaba," Selestine akasema, akaupokea ule wa kushoto kwa mikono yake miwili. Kisha akamaliza pambano, akamnyanyua Zakia mkono kuwa ndiye mshindi.

"Lakini nilisema naweza," Vumilia akalalamika.

"Ungesema nini, mwanangu? Nimekuuliza mimi, mtu mzima."

Mpaka leo sielewi alitumia kanuni gani. Zetu nimezisoma zote, shikamoo haimo. Wala sijui kama nimsifu refa au nimwonee huruma binti aliyeikosa Mwanza kwa sababu ya adabu yake.

Mama aliingia ulingoni, akavua khanga ya juu, akachuchumaa mbele ya mwanawe.

"Inauma, Vumilia?"

"Hapana, mama."

Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni. Mama hakuuliza tena. Akaanza kuufunga mkono.