Shahidi Aliyerukwa

Shangazi yangu walimwita Sindano, na wala hakuwa mshonaji. Alikuwa fundi wa maabara. Kazi yake ilikuwa kubandika nyaya za dhahabu, nyembamba kuliko unywele, kwenye vipande vya semikondakta vya kutengenezea transista. Akiinamia darubini alibana pumzi mpaka waya ushike. Nyumbani alivunja vikombe kuliko sisi sote, na tulimcheka.

Vipande vile hupimwa hivi. Unapitisha umeme, unakiweka kipande katikati ya sumaku kubwa, na sumaku inausukuma umeme ubavuni. Hapo pembeni unapima volti ndogo sana. Ikiwa hasi, wabebaji wa umeme ni elektroni. Ikiwa chanya, ni matundu, yaani nafasi zilizoachwa wazi na elektroni. Kisha unageuza sumaku na kupima tena, kwa sababu kipimo cha upande mmoja hudanganya.

Mkuu wa maabara, mzee aliyemfundisha shangazi kazi, alikuwa amemaliza nusu ya maisha yake kwenye utando mmoja mwembamba aliouunda mwenyewe. Alishikilia kwamba humo yanapita matundu. Wenzake walisema ni elektroni tu, wakampachika jina Mzee Matundu, tena wakilitamka akiwasikia. Wasomi wakiamua kumkera mtu, hawajali mvi.

Kipande kizuri cha utando huo, cha kumaliza ubishi, kilipopatikana, mzee alikuwa amelazwa, na daktari alishamwambia mkewe ajiandae. Akamwagiza shangazi apime, kisha aje amwambie yeye kwanza, hata kama jibu ni baya.

Shangazi alikuwa na desturi yake. Kabla ya kupima kipande kigeni, alipima kwanza kinachojulikana, alichokiita shahidi. Shahidi akijibu sawa, nyaya ziko sawa. Siku ile waya mmoja ulikatika; akabandika mwingine, akachomeka upya nyaya za mashine, na muda wa kuona wagonjwa ulikuwa unayoyoma. Akamruka shahidi. Aligeuza sumaku kama kawaida, akapata hasi safi kabisa, akavua koti akakimbia.

Mzee alimsikiliza amefumba macho.

"Una hakika, mwanangu?"

"Ni hasi, mzee. Nimepima pande zote mbili za sumaku."

Akamshika mkono, akamwambia asilie, kipimo ni kipimo. Wiki haikuisha, tukamzika.

Aliporudi kazini, shangazi alimpima shahidi. Shahidi, ambaye maabara nzima inajua ni wa elektroni, akajibu chanya. Akazifuata nyaya kwa kidole mpaka kwenye mashine. Zile mbili za pembeni alikuwa amezichomeka moja mahali pa mwenzake. Kosa hilo sumaku haiwezi kulifichua hata uigeuze mara ngapi. Mzee alikuwa sahihi.

Nilimkuta shangazi jikoni amekaa sakafuni, mkoba ungali begani. Watu walipopata habari walisema haraka haraka haina baraka, na sijawahi kuichukia methali kama nilivyoichukia hiyo. Alikuwa anamkimbilia mtu anayekufa. Walitaka atembee?

Nilimsindikiza kwa mjane. Shangazi alieleza yote bila kujitetea.

"Kwa hiyo mume wangu ndiye aliyekuwa sahihi?"

"Ndiyo, mama. Tangu mwanzo."

Mjane akaomba arudie, naye akarudia. Tukalia wote watatu, hata mimi ambaye elektroni sijawahi kuiona. Kisha mjane akajifuta uso na kusimulia, bila ubaya wowote, kwamba jioni ile shangazi alipoondoka alijaribu kumliwaza mumewe. Alimwambia pengine wamekosea kupima, aombe kipimwe tena.

"Akakataa," mjane alisema. "Akaniambia, angekuwa mtu mwingine ningetia shaka. Lakini kama ni Sindano aliyepima, basi mimi ndiye niliyekosea."

Nadhani mjane alikusudia kumpa sifa. Shangazi aliitikia kwa kichwa, akaaga vizuri, tukaondoka. Bado anafanya kazi palepale, na nyaya zake bado zinashika. Lakini tangu siku ile, ukimwita Sindano haitiki.