Kiapo cha Pikapu ya Kijani

Wanaume wa kijiji cha Velarde hawajui kusifiana ila kwa kutukanana, lakini ukimtaja Fermín Archuleta, hata mahasidi wake hukuna kidevu kwanza. Mchana aliendesha greda la wilaya, akisawazisha barabara za vumbi na kuzoa theluji. Jioni alikuwa mtu mwingine. Nusu ya magari yanayotambaa katika bonde la Española, yale yaliyoshushwa hata paka akaona tabu kupita chini yake, yalipitia mikononi mwake, ndani ya gereji iliyo nyuma ya nyumba ya mama yake. Ukiona vyaelea vimeundwa, na yeye ndiye aliyeunda.

Gari moja tu hakuthubutu kulikata ili kulishusha. Lilikuwa pikapu ya marehemu baba yake, Eusebio, ya kijani, iliyobeba matofaa ya bonde lile miaka nenda miaka rudi. Ndiyo iliyomtoa Bi Celsa, mama yake Fermín, kanisani siku ya harusi. Baada ya hapo, kila Jumapili Eusebio aliketi nyuma ya usukani akapiga honi, na Bi Celsa akatoka mbio, mtoto mmoja begani, mwingine mkononi, akafungua mlango mwenyewe na kukwea mwenyewe. Eusebio alikuwa mume mpole, hakuwahi kumpandishia mkewe sauti. Lakini kushuka amfungulie mlango? Thubutu!

Eusebio alipofariki, Fermín aliikuta pikapu nyuma ya banda la kuku, panya wamezaliana ndani ya kiti. Mama yake alisimama kando akiitazama.

"Ifufue, mwanangu," alisema. "Lakini msumeno wako usiiguse. Baba yako hakuyapenda magari yako yanayotambaa kama nyoka. Na mimi gari lililokatwa sipandi."

Fermín akaapa, na kwa kweli aliifufua. Mimi nimeona mafundi wengi wakijaza kutu kwa puti, wakapaka rangi juu, wakaita kazi. Fermín hakufanya hivyo. Alikunja bati jipya kwa nyundo mpaka likafuata mkunjo wa lile la zamani, usijue lipi limezaliwa lini. Rangi ndiyo iliyomtesa. Ya nje ilikuwa imeliwa na jua, basi akaifungua dashibodi, na nyuma yake akakuta kijani ambacho jua halijawahi kukiona. Akakifanya kigezo. Alichanganya, akapuliza, akaikataa, akaipiga msasa yote, akaanza upya, na hakunung'unika. Mwisho akamwita mama yake. Bi Celsa aliizunguka pikapu, akaipapasa.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Ila ya baba yako ilikuwa na vumbi."

Kwa Bi Celsa hiyo ni sifa kubwa, na Fermín alitembea nayo kifuani wiki nzima.

Majira ya baridi yaliyofuata, bibi huyo aliteleza kwenye barafu mlangoni pake, akavunjika nyonga. Mfupa uliunga, lakini mguu haukukubali tena kupanda juu. Na kidato cha kupandia pikapu kilikuwa usawa wa goti. Alijaribu, akashindwa. Fermín na shemeji yake Onofre, mume wa dada yake, wakanyoosha mikono wambebe.

"Niacheni!" aling'aka. "Mimi si gunia la pilipili!"

Tangu siku hiyo hakutoka nyumbani. Magari mengine aliyakataa, kiti cha magurudumu akakifukuza uani, na padre akawa anamletea komunyo sebuleni. Aliwaambia wote waziwazi: Pasaka atakwenda kanisani ndani ya gari la mumewe, kwa miguu yake, au haendi tena kanisani mpaka apelekwe ndani ya sanduku. Wanaomjua hawakudhani anatania.

"Shemeji, umetengeneza sanamu," Onofre alisema siku moja, akiegemea gari lake la zambarau lenye picha ya Bikira Maria kwenye boneti. "Inatazamwa, haipandwi."

"Niliapa, Onofre."

"Kwa nani? Kwa yule bibi anayeitazama dirishani akimeza mate?"

"Kwa mama yangu, mpumbavu wewe."

"Basi ishushe! Wewe umewashushia walevi wa bonde zima, unashindwa kumshushia mama yako? Kati ya kiapo na mama, chagua mama, bwana wee. Na usinitolee macho. Mimi ni mkwe, namwogopa kuliko wewe."

Wiki Takatifu Fermín aliomba likizo, akajifungia gerejini. Mama aliposikia msumeno unalia, aliuliza kulikoni. Fermín akajibu kwamba anatengeneza breki. Alikata chesisi juu ya ekseli ya nyuma ili gari lipate pa kushukia, akaiimarisha kwa vyuma vinene kuliko vya awali. Mbao za kubebea matofaa alizing'oa, azirudishe baadaye juu ya betri na pampu za mafuta alizozifunga za kuinua na kushusha gari. Alhamisi jioni ulibaki upande mmoja.

Kisha ikaingia Ijumaa Kuu. Bondeni humo siku hiyo chuma hakiguswi. Nyundo hailii, jembe halichimbi, kwa kuwa misumari ilishafanya kazi ya kutosha siku ile. Siku hizi wapo wanaopuuza, lakini Fermín si mmoja wao. Alikwenda kuungana na mahujaji wanaotembea kwa miguu kwenda kanisa la Chimayó. Na hapo ndipo alipokosea: amezoea kufunga gereji anapofanya kazi, na kwa kuwa hakuna kazi, aliiacha wazi.

Aliporudi alimkuta mama yake ameketi juu ya kreti la matofaa, fimbo magotini, mbele ya pikapu iliyopasuliwa.

"Breki," alisema Bi Celsa.

Fermín akasogea kuuziba msumeno kwa mwili wake.

"Breki za baba yako zilikuwa huku juu?"

"Mama, nilitaka tu uweze..."

"Nyamaza. Leo si siku ya kugombana." Alijiinua polepole, akamkataza kumshika mkono. "Ifunike. Na Jumapili usinisubiri."

Fermín alilia, mtu mzima na mvi zake. Lililomuuma zaidi ni kwamba hata spana hakuweza kushika, si ya kumalizia wala ya kurudishia. Ilibidi akae na kosa lake mpaka siku ipite.

Jumamosi asubuhi alikuwa amekata shauri kuichomelea irudi ilivyokuwa. Onofre akamzuia.

"Ukiirudisha, utakuwa umeikata mara mbili na yeye hajapanda hata mara moja," alisema. "Kama ni dhambi, shemeji, basi iwe na faida."

Maji yakimwagika hayazoleki. Wakamalizia pamoja, bila mizaha safari hii.

Jumapili ya Pasaka magari yanayotambaa yalijipanga barabarani tangu asubuhi kwa msafara wa kanisani, yamesuguliwa mpaka yanang'aa, la zambarau likiwa mbele. Fermín aliileta pikapu hadi mlangoni pa mama yake. Alikaa nyuma ya usukani, akapiga honi, kama alivyopiga baba yake.

Hakuna aliyetoka. Akapiga tena.

Mlango ukafunguliwa. Bi Celsa alisimama kizingitini, shela jeusi kichwani, viatu vya kanisani miguuni, uso umekunjwa tayari kwa matusi. Fermín akabonyeza swichi. Pikapu ikashusha pumzi, ikazama upande wa nyuma, kisha wa mbele, polepole, mpaka kidato kikakwaruza changarawe mbele ya viatu vile.

Barabarani madereva walitoka magarini. Hata Onofre alivua kofia.

Bi Celsa aliitazama. Akasogea, akaweka kiganja juu ya paa la kijani, ambalo sasa lilimfika begani.

"Miaka yote ile baba yako alinipigia honi," alisema. "Hakunyanyuka kitini hata siku moja. Leo kapiga magoti."

Akafungua mlango mwenyewe. Akaketi mwenyewe, akavuta mguu mmoja, kisha wa pili, akaweka fimbo katikati yake na mwanawe.

"Haya, inua twende," alisema, akifuta macho kwa ncha ya shela. "Na usipige honi tena, nimeshakuja."