Nilisema "oui" Gitega, sasa wanataka nisaini

Admin, jina langu lifiche, na shule usiitaje, maana Butihinda ni padogo na watu wana macho.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, nina mume na watoto watatu, nafundisha sayansi huku Muyinga. Nilizaliwa na kusomea Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi, tukarudi nyumbani nikiwa msichana mkubwa. Kwa hiyo Kiswahili ni changu, Kirundi ni cha mama yangu, na Kifaransa, ngojeni tutafika huko.

Tuna mtandao wa walimu wa sayansi wa mikoa yetu, na una tovuti. Sura yake mbaya, sikatai, herufi zimebanana na picha nusu hazifunguki. Lakini ina ukurasa mmoja unaoitwa Yaliyogoma. Ni desturi yetu tangu tuanze: kabla hujajisifu jaribio lililofaulu, unaeleza kwanza lililokugomea, na jina lako unaliandika. Mwenzangu wa Buhinyuza, nimwite Goreth, aliandika kwamba alichanganya magadi na ndimu kwenye chupa, akakaza kizibo, chupa ikapasuka na kizibo kikampiga mtoto juu kidogo ya jicho. Aliandika huku analia, ameniambia mwenyewe. Mimi wiki ileile nilishakusanya chupa za somo hilohilo. Niliposoma, vizibo niliviacha nyumbani.

Mwaka huu wakubwa wakaamua tovuti itengenezwe upya, nikachaguliwa kuwasemea walimu wa Muyinga. Nilifurahi jamani. Nikachora kurasa kwenye vipande vya karatasi, kila ukurasa na kipande chake, nikazunguka navyo Butihinda hadi Buhinyuza nikiwauliza walimu: ukifungua simu, unatafuta nini kwanza? Karibu wote waliweka kidole kwenye Yaliyogoma. Nikavifunga vipande vyangu kwa mpira, nikapanda gari kwenda kikaoni Gitega.

Kikao kilikwenda kwa Kifaransa mwanzo mwisho. Kifaransa cha kitabu cha sayansi nakimudu, nimekikariri. Kile cha kikao, kinachokimbia na kuchekacheka katikati, kinaniacha njiani. Ningenyoosha mkono niombe Kiswahili, au hata Kirundi. Sikunyoosha. Niliogopa waseme, ndio hawa waliotoka Tanzania. Nikawa natikisa kichwa tu. Mara mratibu wa mtandao wetu akageuka, nikasikia "Muyinga" na watu wote wananitazama, nikajibu, "Oui, tout à fait," yaani ndiyo, kabisa. Wakapiga makofi. Vipande vyangu havikutoka hata kwenye mkoba.

Siku ya tatu baada ya kikao fundi wa tovuti akanitumia mchoro kwenye simu. Picha kubwa za wageni zinazojigeuza zenyewe, za kummalizia mwalimu wa kijijini megabaiti kabla hajasoma neno. Ukurasa wa Mafanikio upo. Yaliyogoma haupo. Nikampigia mratibu.

Alinijibu kwa upole, na kwa kweli si mtu mbaya. Akasema wageni wanaotufadhili wakifungua tovuti wakakuta walimu wanajisema wameshindwa, hawatarudi. Kisha akasema, "Na we, Madamu, ulikubali, sisi wote tulikusikia. PV iko tayari, inangoja tu signature yako." PV ndiyo muhtasari wa kikao.

Nikamwambia ukweli, kwamba sikuelewa nilichoulizwa. Akaniuliza:

"Donc niandike kwa PV kwamba mjumbe wa Muyinga hasikii Kifaransa?"

"Andika," nikamwambia. "Na jina langu liweke kamili."

Tangu hapo hatuelewani. Amesema nisiposaini, watatafuta mjumbe mwingine, na Ijumaa tovuti mpya inazinduliwa hukohuko Gitega, ya zamani inazimwa. Yaliyogoma nimeshayanakili yote kwa mkono kwenye daftari. Lakini daftari liko kabatini kwangu. Mwalimu anayeanza kazi kule Bukirasazi atalisomea wapi?

Mume wangu ananisihi. "Mama Furaha, saini yaishe. Tovuti si shamba." Anaogopa aibu yangu itawaangukia wote tuliorudi, eti watasema hatujasoma. Nimemwambia mficha uchi hazai. Mimi ninajua kinachompiga mtoto usoni, na mwenye Kifaransa chake kizuri anataka kukifuta. Nani hajasoma hapo?

Sasa ndugu zangu, kusaini msinishauri, comment ya namna hiyo nitairuka. Shida yangu ni hii. Ijumaa nataka kwenda Gitega, wanialike wasinialike, nisimame mbele ya wageni wao nisome daftari langu kwa Kiswahili, na anayetaka atafsiri. Majina yatasomwa pia, kwa sababu bila jina mtu hawezi kumpigia mwenzake akamuuliza ilikuwaje. Lakini mwalimu mkuu wa Goreth tovuti huwa haifungui, hajui habari ya yule mtoto, na Ijumaa wakuu wote wamealikwa. Akisikia, Goreth anaweza kupoteza kazi, na ana watoto wanne anaowalea peke yake.

Jana nikaenda kumwambia kwamba la kwake nitaliruka. Alikuwa anapalilia maharage, wala hakusimamisha jembe.

"Dada, ukiliruka la kwangu, na wewe usiende," akasema. "Lisome liwe la kwanza."

Aibu yangu mimi naibeba, sina wasiwasi. Hii ya mwenzangu ndiyo inanilemea. Gari linaondoka Ijumaa alfajiri. Nishaurini, nifanye nini?